Mkwe Aliyeiacha Mashine

Jogoo wa jirani alikuwa hajawika maji yalipoanza kuanguka ndooni. Kwanza yalilia juu ya bati tupu, kisha sauti ikawa nzito kadiri ndoo ilivyojaa. Halafu kikombe cha bati kikagongwa kwenye shingo ya bomba, ko, ko, na uani pakanyamaza.

Mama Nkandu alikuwa macho kitandani, akisubiri mlio huo wa kikombe. Maana yake ilikuwa kwamba mkwewe amemaliza, ndoo ya mama mkwe imejaa, naye ameondoka bombani, kwa hiyo mama anaweza kutoka bila wawili hao kuonana.

Ndivyo walivyoishi tangu Lombe amwoe binti yake. Kiwanja kilikuwa kimoja, katika zile nyumba za zamani za mgodi, bomba moja na choo kimoja. Mama alikaa nyumba kubwa, Lombe na Nkandu na mtoto wao wakakaa kibanda cha uani. Lakini Lombe alikuwa bado hajaingizwa. Mkwe ambaye hajaingizwa hali mbele ya mama mkwe, hakanyagi nyumbani mwake, hamtaji kwa kinywa chake, na akimwona njiani huacha njia akageuza uso. Chakula cha kumwingiza kilikuwa kipikwe mara tu mtoto alipozaliwa. Baba yake Nkandu akafariki, mgodi ukapunguza watu, shughuli ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena, mpaka watu wakaacha kuuliza. Ndoo, hata hivyo, ilijazwa kila alfajiri. Mama Nkandu alikuwa hajawahi kuutazama uso wa mtu yule sawasawa, ila moyo wake aliujua kwa ndoo.

Alfajiri ile Nkandu alikuwa amelala chumbani kwa mama, maana nyumba ilikuwa na msiba. Kaka yake mama amefia Lusaka. Kabaso, mtoto wa kiume wa mama aliyekuwa akifanya kazi huko, alimkatia mama tiketi ya ndege ili awahi kumwona kaka yake kabla hajazikwa.

"Naogopa kule uwanjani," mama alisema akifunga kilemba. "Si ndiko anakofanya kazi huyu wako?"

"Leo ana mapumziko, mama. Nenda tu. Hamtakutana."

Nkandu hakujua kwamba simu ya mumewe ilikuwa imeita kukiwa bado giza. Mwenzake wa kazini, ambaye mtoto wake amezidiwa na malaria, alimwomba amshikie zamu. Lombe akajaza ndoo, akagonga kikombe, akavaa sare, akaenda.

*

Msichana mmoja mwenye sare alimpokea Mama Nkandu kwa upole. Alimvua viatu kwa mikono yake mwenyewe, akaviweka kwenye beseni la plastiki, akauweka mfuko wake mwekundu juu ya mkanda. "Pita kwenye lango hili, bibi. Usiogope, haliumi hilo." Mama akacheka kidogo, akainua macho.

Alimwona Lombe ameketi nyuma ya mashine, uso ukimulikwa na kioo chenye picha za mizigo. Wakati huohuo Lombe naye akainua macho.

Kuna kitufe cha kusimamisha mkanda, kiko karibu na kidole gumba. Kila mkaguzi hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba macho yakitoka kwenye kioo, mkanda husimama kwanza. Na akija ndugu, husimamisha mkanda, huinua mkono, humwita mwenzake ashike nafasi. Lombe aliyajua hayo. Lakini mwili una darasa lake, nao ulikuwa umefundishwa miaka mingi zaidi. Aliinuka, akageuka, akaenda kusimama nyuma ya ubao wa matangazo, akiwapa watu wote mgongo. Upande wa pili Mama Nkandu alikuwa ameshajifunika uso kwa kitenge, amepiga magoti, ameelekea ukutani.

Mkanda uliendelea kwenda. Mfuko mwekundu ukapita peke yake. Nyuma yake likapita begi jeusi la bwana mmoja mwenye suti.

Yule bwana hakuwa msafiri. Alikuwa mtahini, wa wale wanaotumwa kimyakimya kupima wakaguzi. Alilifungua begi lake mbele ya msimamizi, akatoa bastola ya majaribio, akaiweka juu ya meza bila neno.

Hakuna aliyepiga kelele. Kabla ya kuandika chochote, mtahini alimvutia Mama Nkandu kiti, akamwambia, "Kaa, mama, magoti yatakuuma." Mama aliukumbuka wema huo baadaye. Jinsi ndege ilivyopaa hakukumbuka.

*

Alirudi kwa basi baada ya maziko. Alfajiri ya kwanza alilala akisikiliza. Jogoo aliwika. Uani palikuwa kimya. Palipopambazuka alitoka, akaikuta ndoo imelala kifudifudi kama alivyoiacha, akaijaza mwenyewe.

Nkandu alikuwa anakaanga vitumbua vya kuuza getini pa mgodi. Alizungumza bila kuinua uso kwenye mafuta.

"Wamemsimamishia cheti, mama."

"Cheti gani?"

"Cha kukaa mashineni. Bila cheti hagusi hata mfuko wa nepi. Wamemrudisha darasani kama mtu aliyeajiriwa jana. Sheria, picha, kupekua kwa mikono, yote upya, halafu mtihani. Akifeli, ndiyo basi. Hawampi nafasi nyingine."

"Na mshahara?"

"Nusu. Posho ya zamu hakuna."

Mama alichukua kijiti akaanza kumgeuzia vitumbua. "Aliwaeleza kwa nini aliondoka?"

"Aliandika 'nilighafilika'. Nikamwambia, andika kwamba alipita mama mkwe wangu. Akasema mtu hamwandiki mama mkwe wake kwenye karatasi ya serikali. Hata mimi hanitajii. Anasema 'yule aliyepita'."

Getini pa mgodi habari ilikuwa imefika kabla ya vitumbua. "Dada," mwanamume mmoja wa kofia ngumu alimwambia Nkandu mbele ya foleni nzima, "mama yako anasafiri tena lini? Nina mzigo wangu wa shaba nataka upite." Watu walicheka. Nkandu alimhesabia chenji yake, akampa, akamwita mteja anayefuata.

Mchana Lombe alikwenda darasani. Jioni alirudi, akaketi kibandani. Kutoka jikoni kwake Mama Nkandu alisikia kila kitu, maana ukuta ulikuwa wa mabati. Nkandu alikuwa anamuuliza maswali kutoka kwenye daftari la darasani.

"Rangi ya machungwa?"

"Chakula, nguo, karatasi, sabuni."

"Buluu?"

"Chuma."

"Kijani?"

"Vilivyochanganyika."

"Picha nyeusi, miale haipenyi?"

"Sikisii. Nafungua."

Alijibu yote sawa, lakini kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya marehemu kanisani. Baadaye Nkandu akaacha kusoma, akauliza kwa sauti ya chini, "Na akipita tena?"

Mama Nkandu alisimama na mwiko mkononi, akingoja jibu. Halikuja.

*

Siku ya pili yake alivaa kitenge chake kizuri, akafunga karanga kwenye kitambaa, akaenda uwanjani kwa mkufunzi wa Lombe.

Mlinzi wa geti alikuwa kijana mwenye umri wa wajukuu zake. Aliufungua mfuko, akakifungua kitambaa, akachokoachokoa karanga kwa kalamu. "Hizi za nani?"

"Za mwalimu wa darasa."

"Kwa ajili ya mtahiniwa gani?"

Watu wawili waliokuwa nyuma ya mama walisogea kando kidogo, kama watu wanaompisha mwizi. Mlinzi akasema, lakini bila ukali, "Ziache hapa, mama. Ukitoka utazichukua. Ukiingia nazo utamharibia mtu wako." Akazifunga tena vizuri kuliko alivyozikuta.

Mkufunzi aliitwa Bwana Jere, mtu mfupi wa Mkoa wa Mashariki, Mngoni, na Wangoni na Wabemba ni watani. Aliposikia lafudhi ya mama alitabasamu.

"Kumbe Mbemba! Karibu, mtani. Leo umepata nyani wa kula?"

"Nyani wameisha, mwanangu. Tumebaki kuwahurumia nyinyi wala panya."

Jere alicheka mpaka akaegemea meza. Kisha akamwekea kiti.

"Wewe ndiye mama mkwe," alisema.

"Ndiye. Nimekuja kusema kosa ni langu. Ningejua yupo, ningepanda basi. Mpe cheti chake. Siji tena hapa maisha yangu yote."

Jere alitoa chupa ya chai kwenye droo, akammiminia mama kikombe, akajimiminia kifuniko.

"Mama, mimi naijua heshima hiyo. Hata kwetu ipo. Babu yangu alikuwa akimwona mama mkwe wake anaruka shimo kumkwepa. Lakini yule bwana mwenye begi angekuwa mtu mbaya kweli, ndege ile ungekuwa umepanda naye."

Mama alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Cheti hakitolewi kwa macho peke yake," Jere akaendelea. "Macho ya Lombe ni mazuri, hajawahi kushuka kwenye mtihani wa picha. Swali langu ni moja. Nilimuuliza mbele ya darasa: akitokea tena utafanya nini? Akatazama sakafu. Nimemuuliza mara ngapi sijui. Mimi siwezi kutia sahihi kwa mtu anayetazama sakafu. Na usiposafiri wewe, atasafiri dada yako, na huyo naye ni mama mkwe wake."

"Hawezi kukujibu. Hajaingizwa. Hana ruhusa ya kunitaja."

"Basi hapo mimi sina ufunguo," alisema Jere. "Ufunguo uko kwenu."

Alipotoka, mlinzi alimrudishia karanga zake. Hakuna iliyopungua.

*

"Kwa kapenta?" Wifi yake, Mwila, alisimama katikati ya jiko na mikono kiunoni. Alikuwa dada wa marehemu mume wa Mama Nkandu, na bila yeye mkwe hawezi kuingizwa. "Unataka kumwingiza mkwe kwa dagaa wakavu?"

"Na kuku wawili. Na mboga ya karanga. Na maharage, na chikanda ya viazi pori nitaikanda mwenyewe."

"Kuku wawili! Wifi, mtaa huu una macho. Mimi mume wangu alipoingizwa, vyungu vilikosa pa kuwekwa. Vingine vilikaa barabarani!"

"Navikumbuka vyungu. Mume mwenyewe yuko wapi siku hizi?"

Mume wa Mwila alikuwa amehamia kwa mwanamke mwingine mjini Kitwe tangu zamani. Mama Nkandu akajuta papo hapo, akamvutia kigoda. Mwila hakukaa. Alitoka bila kuaga.

Lombe naye alikataa. Nkandu alilileta jibu lake akiwa amesimama mlangoni. "Anasema mkwe huingizwa kwa sababu amekaa vizuri na watu. Haingizwi kwa sababu amekosea kazini. Anasema asipikiwe chakula cha huruma."

Mama aliendelea kupepeta karanga. "Mwambie kosa tulilifanya wawili. Mimi niligeukia ukuta, yeye akageukia ubao. Na mwambie mtu hapimwi kwa siku moja. Ndoo zote alizonijazia, nimezinywa. Chakula hiki ni deni langu, si huruma."

Nkandu alikwenda. Alikaa huko sana. Aliporudi alisema tu, "Amesema sawa," akachukua ungo mwingine.

Alfajiri ya siku yenyewe, Mama Nkandu alipofungua mlango wa jiko alimkuta Mwila amekaa kizingitini. Pembeni yake palikuwa na chungu kikubwa chenye mfuniko, kile cha zamani, na kuku aliyefungwa miguu.

"Usinitazame hivyo," alisema Mwila. "Huyu hatagi tena, ananimalizia mahindi. Lete maji ya moto."

*

Lombe aliletwa na mjomba wake, amefunikwa kitambaa kichwani kama desturi, akaketishwa mkekani sebuleni mwa nyumba ambayo alikuwa akiitazama kwa nje miaka yote. Wanawake waliimba, si kwa sauti kubwa. Vyungu viliwekwa mbele yake katika mstari mfupi. Mwila alikaa karibu navyo, akafunua kimoja kimoja akisema kwa sauti ya kutosha majirani wa dirishani.

"Hii ni mboga ya majani na karanga, uliyokuwa ukiisikia harufu yake. Leo iko mbele yako. Hizi ni kapenta. Atakayecheka kapenta, akumbuke nani alimlea." Dirishani mtu akakohoa. "Huyu ni kuku wa kwangu. Ni mgumu. Utamtafuna hivyohivyo."

Hata mjomba alicheka. Lombe hakucheka.

Ndipo Mama Nkandu akaja kwa magoti na bakuli la maji, naye amejifunika kitambaa usoni. Alimwosha mikono. Ilikuwa baridi na mikavu, na kucha zimekatwa fupi sana, kama inavyotakiwa kwa watu wanaopekua mizigo ya wengine. Akamvua kile kitambaa. Kisha akakivua na chake.

Walitazamana. Mama aliona kwamba mkwewe alikuwa na mvi mbili tatu juu ya masikio. Hakuna aliyewahi kumwambia. Aliona pia macho yamechoka, hayana hasira wala furaha ndani yake, kama taa zilizoachwa zikiwaka mchana.

"Kumbe ndiye wewe," alisema.

"Ndiye mimi," alisema Lombe, kisha akaongeza, "mama."

Alimega ugali wa nshima, akachovya, akala. Alikula kidogo. Wageni walipokwisha kuondoka, wakwe hao wawili walibaki wamekaa pande mbili za mkeka mpaka Nkandu akaja kuondoa vyungu.

*

Mtihani wa picha Lombe alifaulu, kama Jere alivyotabiri. Ikabaki sehemu ya vitendo, inayofanyika kwenye mashine ya darasani, na watu wa kawaida huombwa wajifanye wasafiri. Jere alimtumia mama ujumbe aje na mfuko wake mwekundu.

Alimchukua kando kwanza. Alitia kitu ndani ya kitenge cheusi cha msiba, akakikunja, akakirudisha mfukoni.

"Sasa nisikilize, mtani. Akiusimamisha mfuko, usimwonee huruma. Wasafiri hawatuonei. Mkasirikie. Mwaibishe. Mwambie yale ambayo mama mkwe pekee anaweza kuyasema."

"Unaniomba neno zito, mwanangu."

"Najua. Ukimrahisishia, nitajua, na nitamfelisha."

Mtahini mwenye suti alikuwepo, ameketi pembeni. Lombe alikuwa nyuma ya kioo. Watu wawili walitangulia. Mama aliuweka mfuko juu ya mkanda, akaachia, na mikono yake ikabaki hewani haijui iende wapi.

Lombe aliinua macho, akamwona.

Mkanda ukasimama. Mama aliusikia ukisimama kabla hajaelewa. Lombe aliinua mkono, na sauti yake ikatoka ikiwa imekauka.

"Naomba mtu wa kushika nafasi. Huyu ni mama mkwe wangu."

Jere hakumtazama. "Hakuna mtu. Mwenzako anaumwa, mwingine yuko getini. Endelea."

Lombe akakaa tena. Aliurudisha mkanda nyuma, akaupitisha mfuko, akaitazama picha. Rangi ya machungwa, mikunjo ya nguo, na katikati yake umbo la buluu lililolala ubavu. Alisimamisha. Alivaa glavu, akauleta mfuko mezani mbele ya mama.

"Mfuko huu ni wako, mama?"

"Ni wangu."

"Uliufunga mwenyewe?"

"Niliufunga mwenyewe."

"Naomba nifungue."

Hapo mama alilazimika kusema. Alimtazama Jere, akamtazama mtahini, kisha akamtazama Lombe, akayatoa maneno kama mtu anayemkanyaga kifaranga akijua.

"Mbele za watu? Utazitoa nguo zangu za ndani mbele za wanaume hawa? Juzi nimekuosha mikono kwangu, leo unaitia mfukoni mwangu? Mama yako hakukufunza? Mwanangu angekuoa kwa ajili ya hili?" Alikosea neno, akasahihisha. "Mwanangu aliolewa nawe kwa ajili ya hili?"

Mikono ya Lombe ilikuwa juu ya zipu, haisogei. Mama alitamani kumwambia, fungua, baba, fungua.

"Samahani, mama," alisema Lombe. "Sitaweza kukuruhusu upite kabla sijaona."

Akafungua. Kila kitu alikitoa kwa mikono miwili, polepole, na nguo za ndani alizifunika kwa khanga ya mama kabla hajazisogeza. Hakuna aliyeziona. Alifika kwenye kitenge cha msiba, akakikunjua, bastola ya majaribio ikaonekana, akarudi nyuma hatua moja, akainua mkono kumwita msimamizi kama sheria inavyosema.

Mtahini aliandika. Jere alitoa kitambaa akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Nje, chini ya paa la maegesho, Lombe alimfikia mama akiwa amebeba viatu vyake, maana mama alikuwa ameondoka pekupeku bila kujua. Akamwinamia, akamvisha.

"Yale maneno," mama alianza.

"Nilijua si yako."

"Yalikuwa yangu. Niliyatafuta mwenyewe."

Lombe alifunga kishikizo cha kiatu. "Basi yalisaidia," alisema.

*

Cheti kilirudi. Kilirudi pamoja na barua fupi ya uhamisho. Aliyewahi kusimamishwa harudi kwenye mashine ileile, hupelekwa kwingine, na nafasi iliyokuwepo ilikuwa uwanja mdogo kaskazini kabisa, upande wa ziwani, mwendo wa siku nzima na zaidi kwa basi. Nkandu na mtoto wangemfuata mwisho wa mwezi, akishapata chumba.

Hakuna aliyelia. Nkandu alipiga pasi mashati ya sare. Mwila alileta karanga, akasema huko kaskazini hawajui kukaanga. Mama Nkandu alikuna kichwa cha mjukuu wake, akatazama sebule, pale mkeka ulipokuwa umetandikwa mara moja tu.

Alfajiri ya safari maji yalianguka ndooni. Kwanza juu ya bati tupu, kisha kwa sauti nzito. Mama alisubiri kikombe kigongwe, kwa mazoea, halafu akakumbuka kwamba hana haja ya kusubiri. Akavaa malapa, akatoka.

Lombe alikuwa ameinama bombani, sare imenyooka, begi lake limeegemea ukuta. Kikombe kilikuwa mkononi, kimeinuliwa, karibu kigonge. Alipomwona mama, mguu wake mmoja ulirudi nyuma wenyewe. Kisha akausimamisha.

"Ndoo imejaa, mama."

"Niliisikia."

Alimpa kikombe kwa mikono miwili, naye akakipokea kwa mikono miwili. Bado kilikuwa na maji kidogo. Mama akayanywa. Getini dereva wa gari la stendi alipiga honi mara moja, si kwa fujo.

"Nenda, usije ukaachwa," alisema mama. Lombe akachukua begi, akaagana naye kwa kupiga magoti nusu, akaufikia mlango wa geti.

"Lombe." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina hilo kwa sauti, na likamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Akageuka.

"Mje tena," alisema. "Msingoje msiba. Na ukija usigonge kikombe, mwanangu. Ingia tu."